Taarifa za Usalama wa Kemikali Ziwekwe Pale Mkono Unapofika

Katika viwanda vya minofu ya sangara vya Mwanza, kemikali mbili hukaa jirani kila siku: amonia inayozunguka katika mabomba ya mitambo ya kugandishia, na dawa ya klorini ya kuoshea meza na sakafu. Zikichanganyika hutoa gesi inayodhuru mapafu, na ndiyo maana msimamizi wa stoo hapaswi kutegemea kumbukumbu ya mtu, hata ya fundi mkongwe.

Anza kwa kuorodhesha kila dumu, mtungi na mfuko, ikiwamo dawa ya vyoo ambayo wengi huisahau, ukiandika jina la bidhaa, mtengenezaji, kiasi na mahali ilipo. Kwa kila bidhaa mdai muuzaji karatasi ya taarifa za usalama, na mzigo usiokuja nayo usiupokee. Karatasi inayofuata mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali na kuziwekea lebo ina sehemu 16 zenye mpangilio usiobadilika: huduma ya kwanza ni ya 4, kumwagika ya 6, vifaa vya kujikinga ya 8, na vitu visivyopaswa kukutanishwa ya 10. Linganisha jina la kwenye karatasi na la kwenye lebo, kwa kuwa klorini ya unga na ya maji zina karatasi tofauti.

Jalada moja la karatasi hizo likae stoo, na jingine nje ya chumba cha mitambo, kwani hakuna atakayeingia ndani ya amonia iliyovuja ili asome. Nakala ya kompyuta inafaa, mradi umeme usikatike na mwenye ufunguo wa ofisi asiwe amekwenda Magu kwenye msiba. Kwa kuwa karatasi nyingi huja kwa Kiingereza, sehemu ya 4, 6 na 8 zitafsiriwe kwa Kiswahili na kuandikwa kwa herufi kubwa.

Kisha jaribu usiku: mwambie mfanyakazi wa zamu atafute la kufanya amonia ikiingia jichoni. Asipoliona jibu upesi, kwamba jicho lioshwe mara moja kwa maji mengi kwa dakika zisizopungua 15, jalada lina kasoro, si yeye.

Dawa ikimiminwa katika chombo kidogo, lebo ihame nayo. Chupa ya maji ya kunywa isitumike kamwe. Muuzaji akibadilika, omba karatasi mpya na uiondoe ya zamani jaladani siku hiyohiyo.