Kujenga Chapa ya Bidhaa za Chunusi Isiyomwaibisha Mteja: Mwongozo kwa Mjasiriamali Mdogo

Anayeuza bidhaa za chunusi huku akisema kwamba chunusi si aibu lazima awe na jibu la swali ambalo wateja makini hawachelewi kuliuliza: kama uso wangu hauna ubaya wowote, unaniuzia nini? Mimi hutengeneza na kuuza bidhaa za uso hapa Dar es Salaam, na jibu langu ni kwamba ninauza nafuu. Ninauza kupungua kwa uvimbe, kidonda kinachopona bila kutonolewa, na doa linalofifia kwa wakati wake. Siuzi uso mwingine. Hatua zinazofuata zimepangwa kutokana na jibu hilo, kwa kuwa chapa inayokubali ngozi yenye kasoro hutambulika zaidi kwa mambo inayokataa kuyaahidi kuliko kwa kaulimbiu iliyobandikwa kwenye chupa.

Hatua ya kwanza: andika ahadi yako, na uandike pia usichokiahidi

Kabla ya kununua hata chupa moja, chukua karatasi na uorodheshe maneno ambayo hayatatumika kamwe katika lebo zako wala katika matangazo yako. Katika orodha yangu yamo "kung'arisha", "kutakatisha", "ngozi ya mtoto", na kila ahadi inayotaja idadi ya siku. Sababu yake inajulikana na yeyote aliyewahi kupita kwenye maduka ya vipodozi ya Kariakoo. Krimu ya chunusi hupangwa rafu moja na mkorogo, na muuzaji humweleza mteja kwamba vyote viwili "vinasafisha uso". Baadhi ya krimu hizo zimetiwa steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe, tena kali kama klobetasoli au betamethasoni. Wiki za mwanzo uso hulainika na mteja hushangilia. Akiacha kupaka, vipele hurudi kwa wingi kuliko awali, na steroidi yenyewe huweza kuzalisha chunusi. Chapa yako inaingia katika soko hilohilo, kwa hiyo neno moja lililochaguliwa ovyo litakuweka katika kundi usilolitaka.

Orodha hiyo ina manufaa ya kisheria pia. Bidhaa inayodai "kutibu chunusi" inajitangaza kuwa dawa, na dawa ina mamlaka yake, masharti yake na gharama zake. Kipodozi husafisha, hulainisha, na huboresha mwonekano wa ngozi. Utaona kwamba maneno ya kiungwana na maneno yanayoruhusiwa yanakaribiana sana.

Hatua ya pili: ijue chunusi kuliko mteja wako anavyoijua

Chunusi huanza pale mafuta ya ngozi yanapozidi, seli zilizokufa zinapoziba kitundu cha unyweleo, bakteria aitwaye Cutibacterium acnes anapostawi humo ndani, na mwili unapojibu kwa uvimbe. Homoni, hasa za balehe na za mzunguko wa hedhi, huchochea utengenezaji wa mafuta hayo. Haitokani na uchafu, na wale wanaowaambia mabinti "ukiolewa zitaisha" wanasema jambo lisilo na msingi, kama watakavyothibitisha wanawake wengi wenye ndoa na watoto ambao bado wanatokwa na chunusi.

Kwenye ngozi nyeusi, kipele kikishapona huacha doa jeusi linaloweza kudumu kwa miezi, na jua hulikoleza zaidi. Wateja wangu wengi huja kwa ajili ya madoa, si kwa ajili ya vipele. Hapo ndipo kishawishi cha mkorogo kilipo, kwa sababu mtu anayetaka kuondoa doa dogo hupewa kitu cha kubadilisha rangi ya uso mzima. Kwa hiyo kila maelezo ya matumizi unayoyaandika yataje kinga ya jua na yakataze kuminya vipele, hata kama huuzi krimu ya kukinga jua.

Hatua ya tatu: chagua bidhaa mbili tu za kuanzia

Ninapendekeza stika za chunusi na seramu nyepesi ya niasinamaidi, ambayo ni aina ya vitamini B3. Sabuni ya uso inaweza kungoja, maana sokoni zipo nyingi na nyingine ni nzuri.

Stika hutengenezwa kwa haidrokoloidi, ambayo kabla ya kuingia katika urembo ilikuwa ikitumika kufunika vidonda. Hufyonza majimaji ya kipele kilichokwisha kupasuka, hukilinda dhidi ya vidole, na kwa njia hiyo hupunguza uwezekano wa doa na kovu. Haina kazi kwa chunusi nyeusi zilizoziba wala kwa majipu ya ndani, na jambo hilo liandikwe kwenye pakiti. Huwezi kuitengeneza nyumbani. Utaagiza kwa mtengenezaji, mara nyingi Korea Kusini au China, na atakutajia kiwango cha chini cha oda. Omba sampuli kwanza na uzijaribu kwenye uso unaotoka jasho mchana wa Desemba, kwa sababu zipo stika zinazobanduka kabla ya saa sita.

Kampuni ya Marekani iitwayo Starface, iliyoanzishwa mwaka 2019 na Julie Schott na Brian Bordainick, iliipa stika umbo la nyota ya manjano, hata anayeivaa akawa anaionyesha badala ya kuificha. Wengi wanaouliza ushauri wangu wanataka kuiga nyota hiyo. Mimi sioni faida. Mwanafunzi wa sekondari ya bweni hawezi kusimama paredi na nyota ya manjano shavuni, na karani wa benki naye atapata shida yake. Lakini stika inayoitwa ya uwazi nayo haifichiki, kwa kuwa haidrokoloidi iliyofyonza majimaji hugeuka nyeupe, na nukta nyeupe kwenye uso mweusi huonekana tangu ng'ambo ya barabara. Mweleze mteja ukweli huo, umwachie uamuzi: avae usiku akiwa amelala, au avae mchana na aonekane. Kukubali ngozi hakumlazimu mtu kuitangaza.

Kwa upande wa seramu, nimeichagua niasinamaidi kwa kuwa huyeyuka katika maji, ngozi nyingi huivumilia, na husaidia uvimbe na madoa kwa pamoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulilinganisha jeli yake ya asilimia 4 na jeli ya asilimia 1 ya klindamaisini, dawa ya kuua bakteria, kwa wiki 8, na matokeo yakakaribiana. Habari hiyo ni ya kukuongoza wewe mtengenezaji. Ukiichapa kwenye lebo umeshaingia upande wa dawa. Asidi ya salisiliki ni nzuri pia, hadi asilimia 2, lakini haiyeyuki vizuri katika maji na hufanya kazi katika hali ya asidi ya pH (kipimo cha ukali wa asidi; ikishuka, asidi huzidi) 3 hadi 4, hivyo anayeanza atahangaika nayo. Benzoili peroksaidi ni dawa, iachie famasia.

Mchanganyiko wa kujifunzia, kwa gramu 100, ni huu: maji yaliyotoneshwa gramu 88.4, gliserini 5, niasinamaidi 4, panthenoli 1, kihifadhi cha fenoksiethanoli 1, gundi ya santhani ya kuipa uzito 0.4, na EDTA ya kukamata chembe za madini 0.2. Koroga gundi ndani ya gliserini kwanza hadi ilowe yote, ndipo uimimine kwenye maji taratibu huku ukikoroga. Ukiitupa moja kwa moja kwenye maji itafanya mabonge yasiyoisha. Ongeza niasinamaidi, panthenoli na EDTA, kisha kihifadhi mwishoni. Pima pH na uirekebishe kwa matone ya asidi ya sitriki hadi ifike kati ya 5.5 na 6, usishuke chini zaidi, kwa kuwa katika asidi kali niasinamaidi huvunjika na kutoa asidi ya nikotini, inayowasha uso na kuufanya upate joto.

Usiache kihifadhi kwa kutaka kuandika "asilia". Kitu chenye maji kikikaa katika joto la Dar bila kihifadhi huota bakteria na kuvu hata kabla macho hayajaona dalili, na unayempelekea ni mtu mwenye vidonda vidogo usoni. Kwa msingi huohuo, wacha mafuta ya nazi kwenye bidhaa ya uso. Najua sisi watu wa Pwani tumelelewa nayo, na kwa nywele na miguu sina ugomvi nayo, ila kwa uso wenye kuelekea chunusi huziba vitundu.

Weka chupa kadhaa kwenye joto la nyuzi 40 kwa miezi 3 na nyingine kwenye joto la kawaida la chumba, ukikagua rangi, harufu, uzito na pH. Kipimo cha vijidudu na cha nguvu ya kihifadhi kifanyike maabara. Miezi hiyo huwachosha wengi na ndipo wanapoanza kuuza kabla ya wakati. Itumie kukamilisha hatua inayofuata.

Hatua ya nne: sajili

Jina la biashara au kampuni husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na hapohapo uombe alama ya biashara katika daraja la 3, ambalo ndilo la vipodozi. Usajili huo ni wa Tanzania Bara. Zanzibar alama husajiliwa peke yake kupitia BPRA, wakala wa usajili wa huko.

Watu bado wanaulizia TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula, dawa na vipodozi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilihamishia TBS, yaani Shirika la Viwango, usimamizi wa vipodozi na chakula, na iliyokuwa TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Kwa hiyo jengo lako na bidhaa yako vitasajiliwa TBS. Andaa orodha kamili ya viambato na viwango vyake, matokeo ya maabara na mfano wa lebo. Zebaki na haidrokwinoni, ambazo hutumika kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku katika vipodozi, na nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki zilikubaliana mwaka 2023 kuondoa vipodozi vyote vyenye zebaki ifikapo 2025. Mtake anayekuuzia malighafi akupe hati ya uchambuzi ya kila shehena, hata kama mnajuana.

Hatua ya tano: picha

Chapa nyingi zinazojiita rafiki wa ngozi halisi huanguka hapa. Kamera za simu nyingi hulainisha uso zenyewe bila kuombwa, hivyo zima mpangilio huo kabla ya kupiga. Taa ya duara inayowekwa mbele ya uso hufuta vivuli vya vipele. Mwanga wa dirishani unaotoka ubavuni huonyesha ngozi ilivyo. Tafuta watu wa rangi mbalimbali, kuanzia weusi wa kukoza hadi maji ya kunde, wenye makovu, wenye vipele vya mgongoni, na wanaume pia, ambao vipele vyao vya ndevu husahaulika. Uingereza, msimamizi wa matangazo alitamka mwaka 2021 kwamba filta zinazokuza matokeo ya kipodozi kwa njia ya kupotosha hazifai. Norway tangu Julai 2022 inataka picha ya tangazo iliyobadilishwa mwili au ngozi iwekewe alama. Kwetu hatujafika huko, lakini hakuna anayekuzuia kutangulia.

Mimi situmii picha za "kabla na baada". Sababu yangu si kwamba ni za uongo, ingawa nyingi ni za uongo. Tatizo ni kwamba mteja anayetazama tangazo hilo leo, uso wake uko upande wa "kabla", yaani upande uliowekwa ili uchukiwe.

Chukua ridhaa ya maandishi kwa kila picha, ukitaja itatumika wapi na kwa muda gani, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata kama ofisi yako ni sebule. Kwa aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi asaini. Anayetaka picha yake iondolewe, iondoe siku hiyohiyo bila kumhoji.

Hatua ya sita: bei na mauzo

Piga hesabu ya malighafi, chupa, lebo, vipimo, usafiri, chupa zitakazovunjika na zitakazokwisha muda, kisha ujilipe mshahara. Toa chupa ndogo ya bei nafuu kwa wanaotaka kujaribu. Mizigo ya mikoani ipeleke kwa mabasi ya usiku, joto lake ni dogo.

Hatua ya saba: kuwajibu wateja

Utaulizwa kila siku: "Dada, hii inatoa chunusi kwa siku ngapi?" Jibu ninalowafundisha wasaidizi wangu ni hili: "Mdogo wangu, hatuhesabu siku. Ipake usiku kwa wiki nane, usiminye, ujikinge na jua. Uvimbe utaanza kupungua kabla ya madoa. Ikikuwasha, acha na utuandikie." Wapo wanaoondoka kwa jibu hilo na kwenda kununua penye ahadi kubwa zaidi. Wape kwaheri njema.

Kila kundi la uzalishaji lipewe namba, na chupa moja ya kundi hilo ihifadhiwe hadi tarehe ya mwisho wa matumizi. Malalamiko yaandikwe daftarini pamoja na namba hiyo. Wakitokea watu kadhaa wanaolalamikia kundi moja, simamisha mauzo yake, ichunguze chupa uliyoihifadhi, na uwajulishe TBS. Anayeeleza majipu ya ndani yenye maumivu, makovu yanayochimbika, au aliyeacha krimu ya steroidi na uso ukalipuka, anahitaji daktari wa ngozi. Muhimbili wapo, na kwa watu wa Kaskazini kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, tangu mwaka 1992, ambako pia ndiko ilikoanza kutengenezwa Kilisun, krimu ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mteja wa namna hiyo mpe maelekezo ya hospitali, na kama alishalipia seramu, mrudishie fedha zake.