Gari la Vipande 3,599: Namna ya Kuunda Bugatti Chiron ya LEGO na Kuilainisha

Sanduku la LEGO Technic (vipande vya plastiki vya kuunganisha) namba 42083, lililoanza kuuzwa mwaka 2018, lina vipande 3,599 ambavyo vikipangwa sawasawa huwa Bugatti Chiron ya buluu yenye urefu wa sentimita 56 na upana wa sentimita 25, ambayo ni sehemu moja ya nane ya gari lenyewe lililokuwa likiundwa Molsheim, Ufaransa. Ndani yake mna injini ya W16, yaani ya silinda 16, ambayo pistoni zake hupanda na kushuka, giaboksi ya gia nane inayobadilishwa kwa vishikio vilivyo nyuma ya usukani, difu (gia zinazogawa nguvu kwa tairi za kulia na kushoto), na springi kwenye kila tairi. Gari halisi lina gia saba tu, kwa hiyo katika jambo hili mtoto amempita baba. Hatua za kitabu cha maelekezo ni picha tupu, na picha hizo humwonyesha mtu kipande kinaingia wapi bila kumwambia ni wapi wengi hukosea; hapo ndipo mwongozo huu unapoingia.

Jambo la kuelewa kabla ya kufungua mfuko hata mmoja ni kwamba adui wa modeli hii ni msuguano. Gari likisukumwa sakafuni, matairi huzungusha difu, difu huzungusha giaboksi, na giaboksi huzungusha injini. Njiani kila jozi ya meno na kila tundu ambalo ekseli, yaani kijiti kinachobeba gia, hupita hula sehemu ndogo ya nguvu ile ya mkono. Ekseli moja ikibanwa, mtu hahisi kitu. Zikibanwa kumi, matairi huburuzwa sakafuni badala ya kuviringika, na pistoni hubaki zimetulia kama zimegandishwa. Bodi ya buluu ndiyo inayomvutia mnunuzi, lakini ubora wa gari zima huamuliwa na kazi ya siku za mwanzo, ambayo baadaye hufunikwa na haionekani tena.

Andaa mahali pa kazi penye mwanga wa mchana. Bodi ya modeli hii ina buluu ya kawaida na buluu iliyoiva, na hii ya pili ikiwa chini ya balbu hafifu usiku hufanana kabisa na nyeusi. Mifuko ina namba, hivyo fungua ile inayohitajika kwa hatua husika pekee, kisha gawa vipande vidogo kwenye trei ya mayai: pini katika vishimo vyake, bushi (vipete vya kuzuia ekseli isiteleze) katika vyake, gia (vigurudumu vya meno) katika vyake. Trei ya mayai hufaa kuliko sinia kwa sababu ikigongwa na kiwiko vipande havichanganyiki.

Pini ndizo zinazostahili uangalifu wa kwanza. Pini nyeusi ina vijimstari vilivyoinuka ambavyo huifanya ikabe ndani ya tundu, na kazi yake ni kufunga boriti mbili, yaani vipande virefu vyenye matundu, zisicheze. Pini ya kijivu haina vijimstari hivyo, na kazi yake ni kuacha kitu kizunguke. Tofauti hiyohiyo ipo kati ya pini ya buluu na ile ya rangi ya mchanga, ambazo upande mmoja ni pini na upande wa pili ni ekseli. Mtu akiweka ya buluu mahali pa ile ya mchanga, umbo litatoka sahihi na hatua inayofuata itakubali, ila amekwisha kuweka breki ndani ya gari bila kujua. Kuhusu ekseli, kitabu huzichora kwa urefu wake halisi, hivyo laza ekseli juu ya picha kabla ya kuitumia. Kipimo cha msingi ni milimita 8 kwa kila tundu la boriti. Ekseli ya 5 ina urefu wa karibu milimita 40, na ya 4 ikiwekwa mahali pake itaning'inia bila kushika gia ya mwisho.

Sasa tufike kwenye giaboksi, na hapa sina haraka. Baada ya kila hatua inayoongeza gia, shika ekseli kwa vidole viwili, cha gumba na cha shahada, uizungushe mizunguko kamili kadhaa. Inatakiwa izunguke kwa uzito ule ule mwanzo hadi mwisho. Ikiwa nyepesi kisha nzito kisha nyepesi tena, kuna kitu kilichokaa upande. Ikiwa nzito muda wote, kuna bushi iliyosukumwa mno hadi ikaikandamiza boriti. Dawa ya hili la pili ni rahisi: irudishe bushi nyuma kwa unene wa karatasi mbili au tatu, mpaka ekseli ikisukumwa kwa urefu wake itikisike kidogo mno. Anayeanza hudhani kwamba kila kitu kinapaswa kukaza, kumbe kilichokaza kinatakiwa kiwe fremu peke yake, na kinachozunguka kiachiwe pumzi.

Mimi mwenyewe niliwahi kupuuza jaribio hilo la vidole kwa sababu nilikuwa nakimbilia kuona injini. Nusu-bushi moja, ndogo kuliko punje ya mahindi, ilikuwa imekandamiza gia katikati ya giaboksi, na nikaigundua wakati milango imekwisha fungwa na nimekwisha kuwaita watu waje kuona. Kuifikia kulinigharimu jioni tatu za kufungua na jioni nyingine tatu za kurudishia.

Utendaji wa giaboksi hii ukieleweka, makosa yake hutafutika kwa urahisi. Gia nyingi zilizomo huzunguka bure juu ya ekseli zake, hazijashikana nazo. Baina yake kuna pete inayoteleza, ambayo ikisukumwa upande mmoja huingiza meno yake katika gia iliyo jirani na kuifunga kwenye ekseli, na hapo ndipo nguvu hupita. Pete husukumwa na uma mdogo, uma husukumwa na kigurudumu chenye mfuo uliopinda, na kigurudumu hicho hugeuka robo mzunguko kila mara kishikio cha usukani kinapovutwa. Kwa hiyo vigurudumu hivyo vikifungwa robo mzunguko nje ya mahali pake, ama pete mbili hushika kwa pamoja na giaboksi ikakataa kuzunguka, ama gia moja hupotea katika mfuatano. Kitabu huonyesha mwelekeo wa kila kigurudumu, lakini huuonyesha katika picha iliyochukuliwa kwa pembe, na jicho hudanganyika. Geuza kazi yako mkononi hadi ionekane kama ilivyo kwenye picha, kisha linganisha mfuo kwa mfuo. Ukimaliza, vuta kishikio mara saba kutoka gia ya kwanza, ukizungusha ekseli kwa mkono kila mara, ili uhakikishe gia zote nane zinapitisha mzunguko kabla hujafunika chochote.

Injini yenyewe haina ugumu mkubwa. Angalia tu kwamba pistoni hazigusi kingo za vifuniko vyake.

Kisha huja hatua ambayo nyuma ya gari, yaani injini na giaboksi, huunganishwa na mbele. Kule Molsheim kazi hiyo ilifanywa kwa boliti 14 za titani. Hapa hufanywa kwa pini na boriti, na kosa lake ni la aina yake. Fremu mbili zikiunganishwa mkononi hewani, hujipinda kidogo, matundu hayakai tena katika mstari mmoja, na ekseli ndefu inayopitia katikati hulazimika kujipinda pamoja nayo. Weka nusu zote mbili juu ya meza iliyonyooka sawasawa, meza ya kioo ikiwezekana, uingize kwanza ekseli, uizungushe, ndipo usukume pini moja ya kulia na moja ya kushoto kwa zamu, huku ukirudia kuzungusha. Ekseli ikianza kuwa nzito baada ya pini fulani, umekwisha kujua pini ya kulaumiwa.

Kabla ya kuanza bodi, fanya jaribio la mita moja. Bandika vipande viwili vya utepe sakafuni, kimoja mbali na kingine kwa sentimita 100, weka kichagua mwendo kwenye D (kwenda mbele), gia ya kwanza, na usukume gari kutoka utepe hadi utepe polepole huku ukihesabu pistoni moja imepanda mara ngapi. Tairi lina kipenyo kinachozidi kidogo sentimita 8, hivyo mita moja ni karibu mizunguko minne ya tairi. Rudia kwa gia zote na uandike hesabu zako. Zinatakiwa zishuke hatua kwa hatua kutoka gia ya kwanza hadi ya nane. Ikiwa gia ya tano inazidi ya nne, kigurudumu kimoja hakijakaa mahali pake. Usishangae kuona gari ni zito kusukuma katika gia ya kwanza kuliko ya nane. Katika gia ya kwanza injini huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa tairi, kama ambavyo gia ya meno 24 huizungusha ya meno 8 mara tatu kwa mzunguko wake mmoja, na uzito huo unarudi mkononi mwa anayesukuma. Huo ni ukweli wa mashine, wala si kasoro ya fundi.

Baada ya hapo bodi ni kazi ya subira na macho, na kitabu kinatosha.

Uboreshaji uanze gari likiwa limekamilika kama kitabu kilivyotaka na hesabu za mita moja zikiwa mkononi, kwa maana bila hesabu hizo hutajua kama umeboresha au umeharibu. Badilisha jambo moja kwa wakati, piga picha kabla ya kufungua, na vipande vilivyotolewa vitiwe mfuko wenye maandishi. Kwa msomaji aliye Dar es Salaam au Mombasa kipande kilichopotea si cha kwenda kununua duka la jirani. Huagizwa nje, mara nyingi kupitia BrickLink, soko la vipande ambalo LEGO waliinunua mwaka 2019, na nauli yake huweza kuzidi bei ya kipande mara nyingi.

Uboreshaji wenye faida kubwa kuliko wote haugharimu senti. Pitia kila ekseli inayofikika, legeza bushi, na badilisha pini yoyote inayokaba mahali panapozunguka. Kisha weka gari gia ya nane, lisukume mbele na nyuma sakafuni kwa dakika kumi, ushuke gia moja, urudie. Meno mapya hulainika kwa kusuguana. Usitie mafuta ya cherehani. Yatalainisha kwa siku chache, halafu yatakusanya vumbi na kuligeuza kuwa tope la kusaga meno, na yapo mafuta yanayodhuru plastiki ya ABS ambayo imetumika katika vipande vingi.

Usukani hufuata. Ukiwa mzito, sababu mara nyingi ni viungo vya mbele vilivyofungwa kwa pini za kukaba. Inua mbele ya gari na ugeuze tairi kwa kidole, kwani likikwama hapo tatizo lipo kwenye viungo, na likigeuka vizuri tatizo lipo kwenye ekseli inayokwenda hadi usukani. Springi nazo hulegea machoni gari likisimama muda mrefu. Wapo wanaoweka springi ngumu zaidi nyuma, na matokeo ni mazuri, lakini jaribu kwanza kusogeza sehemu ya juu ya springi tundu moja, kwa sababu pembe ikibadilika ugumu nao hubadilika.

Kuna wanaotaka mota. Sikatai, ila natahadharisha. Mwaka 2018 LEGO walionyesha Chiron ya ukubwa kamili inayoendeshwa na mtu, yenye uzito wa tani 1.5 na isiyo na gundi, na ndani yake waliweka mota 2,304 za Power Functions, yaani mota ndogo za umeme za LEGO wenyewe. Jumla ya nguvu zake zote ilikadiriwa kuwa farasi 5.3 tu, na gari likapita kilomita 20 kwa saa. Ukizigawa nguvu hizo utaona kwamba mota moja ina nguvu ndogo mno, na ukiiweka ianze kwenye injini na kupita giaboksi yote katika gia ya nane, ambayo kwa upande huo ndiyo nzito, ekseli itajisokota kama kamba kabla tairi halijasogea. Anayeshikilia nia hiyo na aunganishe mota karibu na difu, aweke kichagua mwendo kwenye N (hali ya kutoshika gia) ili injini isibururwe, na akubali kwamba pistoni zitalala gari linapotembea. Vinginevyo aunganishe mota na injini peke yake, gari likiwa limesimama juu ya rafu, ambapo pistoni 16 zikipanda na kushuka polepole chini ya mwanga huwa na mvuto wake.

Rafu hiyo isiwe karibu na dirisha, kwa kuwa jua hufifisha rangi na kuzifanya pini za kijivu kuwa za njano. Weka vitalu viwili vidogo chini ya fremu ili springi zipumzike, giaboksi ikae kwenye N, na vumbi liondolewe kwa brashi laini ya rangi, ile ya nywele ndefu, ukianzia kwenye spoila kurudi kwenye boneti.