Jinsi ya kumpigisha mswaki mtoto mdogo usiku, hata akikaza mdomo

Wiki hii nimemwelekeza shemeji yangu kwa simu, na kwa kuwa wazazi wengi wanaokuja kwenye kliniki yetu ya meno huuliza hayo hayo, nayaweka hapa. Mswaki wa usiku ndio usiokosekana. Mtoto akilala mate hupungua, na mate ndiyo yanayozimua asidi ya bakteria. Sukari iliyobaki mdomoni inakesha na jino.

1. Vifaa. Mswaki mdogo wa nywele laini, na dawa ya meno yenye floraidi. Soma tyubu: floraidi iwe 1000 ppm (sehemu kwa milioni) au zaidi. Baadhi ya dawa za watoto zenye katuni hazina floraidi kabisa. Hizo ziache dukani.

2. Kipimo. Chini ya miaka 3, punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, punje ya njegere. Kama maji yenu yana floraidi nyingi, mfano sehemu za Arusha na Kilimanjaro, usizidishe hata kidogo, na muulize daktari wa meno.

3. Kumlaza na kusugua. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa sababu wanamsimamisha mtoto kwenye sinki na kupambana naye. Kaa mkekani au kitandani, mlaze chali, kichwa kwenye mapaja yako, miguu ielekee mbali nawe. Mkiwa wawili, kaeni mkitazamana, magoti yagusane: mmoja anashika mikono kwa upole, mwingine anasugua.

Pitisha kidole kati ya shavu na meno hadi nyuma kabisa. Kikikaa nje ya meno hang'ati, na unapata nafasi ya magego. Kisha inua mdomo wa juu. Katikati utaona kijinyama kinachounganisha mdomo na fizi. Mswaki ukikigonga kinauma sana, na mtoto akishaumia hapo, kesho yake atakaza mdomo. Kifunike kwa ncha ya kidole, halafu sugua polepole pale jino linapokutana na fizi, maana ukoga hujificha hapo.

Akilia, usikasirike, mwimbie, endelea. Fizi zikitoa damu kidogo, mara nyingi ni ukoga uliokaa, usiache kusugua. Ila akiwa na vidonda mdomoni, mpeleke kwanza aonwe.

Ukiwa hapo hapo, tazama. Mstari mweupe kama chaki kando ya fizi ni mwanzo wa kuoza, na bado unaweza kuzuiwa. Ukiona kahawia au tundu, nenda kliniki, usingoje maumivu. Na kichanga mwenye homa au kuharisha, mtu akikuambia fizi zilizovimba ni "meno ya plastiki" ya kung'olewa, kataa kabisa! Hayo ni machonge yanayokua ndani ya fizi. Mpeleke akatibiwe ugonjwa wenyewe.

4. Ateme, asisukutue.

5. Baada ya hapo, maji tu. Wa kunyonya anyonye. Cha kuondoa kitandani ni chupa ya chai, juisi au uji wa sukari. Ipunguze kwa kuongeza maji kila usiku hadi yabaki maji matupu.

6. Usimwachie mapema. Msugue mwenyewe hadi miaka 7 au 8. Karibu na miaka 6 gego la kwanza la kudumu huota nyuma ya yale ya utotoni bila jino lolote kung'oka, hivyo wazazi hudhani ni la utotoni. Hilo halina mbadala; fikisha mswaki huko nyuma.