Jinsi ya Kuandaa na Kutunza Mahali pa Kulishia Ndege Shuleni

Kabla hujatafuta mbao na misumari, tafuta watu wa kusafisha. Ndege wengi wakila pamoja, kinyesi kinachangamana na chakula na wanaambukizana maradhi kama salmonela. Panga zamu kwanza: darasa gani, siku gani, mwalimu gani anasimamia. Zamu isipopatikana, bora msianze.

Mahali. Vioo vya madarasa ndivyo vya kuogopa zaidi, maana ndege huona mti ndani ya kioo akaurukia kwa kasi. Weka chano chini ya mita 1 kutoka dirishani, ili akishtuka asipate mwendo wa kujiumiza, au kipeleke zaidi ya mita 10. Kichaka kikiwa umbali wa mita 3 hivi, ndege watapata pa kukimbilia mwewe akitokea, na paka hatawafikia kwa mruko mmoja.

Chano. Ubao wenye ukingo mfupi unatosha. Toboa matundu madogo maji ya mvua yapite, kisha ukifunge juu ya bomba laini la chuma, kwa kimo ambacho wanafunzi wanafikia.

Chakula. Mtama, uwele, alizeti isiyo na chumvi. Mkate na mabaki ya chipsi, hapana. Mimina kinachoisha siku hiyohiyo. Wafundishe watoto kuchota punje kiganjani na kuzikagua: zikishikana, zikiwa na unga wa kijani au harufu ya uvundo, zitupwe zote, kwa sababu ukungu unaweza kutoa sumu ya aflatoksini. Pembeni weka trei ya maji yenye kina cha sentimita 3 hadi 5, na maji yabadilishwe kila siku.

Usafi. Angalau kila wiki mbili, na mara nyingi zaidi wakati wa mvua. Vaa glavu, kwangua kinyesi kilichoganda kwenye pembe za ukingo (hapo ndipo wengi wanaparuka), sugua kwa sabuni, kisha loweka dakika 10 katika dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji. Kazi hii ya dawa aifanye mtu mzima. Suuza sana, anika mpaka kikauke kabisa. Ndoo na brashi hizo zisitumike kwingine. Fagia maganda chini, la sivyo utakaribisha panya. Kila mtoto anawe mikono kwa sabuni.

Ukiona ndege amejikunyata, manyoya yametutumka, naye haruki hata ukimkaribia, ondoa chakula na maji siku hiyohiyo kwa wiki mbili, ili kundi litawanyike. Watoto watalalamika, waeleze sababu, wataelewa. Mzoga usishikwe kwa mikono mitupu.

Likizo. Wiki ya mwisho ya muhula punguza chakula kidogo kidogo, halafu osha chano na ukihifadhi ndani. Ndege hawatakufa njaa, kwani chakula chao kingi wanajitafutia wenyewe. Shule ikifunguliwa, kioshe tena kabla ya kumwaga punje za kwanza.