Anayepigwa ndo bosi: namna ya kuendesha warsha ya mapigano ya jukwaani

Kipupwe ndo muda wake. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane masika yameshaisha, jua la Pwani limepoa kidogo na wanafunzi wengi wa vyuo wako likizo, kwa hiyo kama unataka kuandaa warsha ya mapigano ya jukwaani kwa waigizaji, iwe Dar, Bagamoyo, Tanga au Unguja, weka tarehe hapo. Na tunaihitaji kwelikweli. Maigizo yetu na filamu zetu zimejaa ugomvi, mume anampiga mke, kibaka anakamatwa, ndugu wanagombea shamba, vita vya zamani na mikuki, afu ikifika sehemu ya kupigana waigizaji wanaambiwa tu "pigeni kama kweli" na kweli wanapigana, mtu anatoka jicho limevimba na dairekta anasifia kwamba sini imetoka kali. Huo sio uigizaji, huko ni kuumizana mbele za watu, na aliyeumia leo kesho hayupo jukwaani.

Warsha nzima jenga juu ya kitu kimoja: anayepigwa ndo bosi. Yeye ndo anaamua pigo lianze lini, yeye ndo anaonyesha limeuma kiasi gani, yeye ndo anatoa sauti na yeye ndo anasema basi. Anayepiga kazi yake ni kutoa picha tu. Kila zoezi utakalofundisha lirudi hapo, na kama kuna zoezi ambalo haliwezi kurudi hapo basi litoe kwenye ratiba.

Tuanze na mwalimu maana hapa ndo wengi wanateleza. Watu wanamchukua mtu wa karate au ndondi wanampa darasa. Mtu wa karate ana nidhamu, ana mwili, anajua kuanguka, ni msaada mkubwa sana, lakini miaka yote amefundishwa kupiga na kuficha pigo lisionekane linakuja, na jukwaani tunataka kinyume chake, pigo lionekane mpaka na mtu wa kiti cha mwisho afu lisimfikie mtu. Watu wa sarakasi mara nyingi wanaelewa haraka zaidi kwa sababu wamezoea kubebana na kuaminiana. Kikubwa mwalimu awe mtu ambaye ameshafanya kazi hii na waigizaji, na awe na msaidizi mmoja wa kuzunguka kuangalia. Kwa mwalimu mmoja na msaidizi, chukua waigizaji 12 mpaka 16, na namba iwe shufwa kwa sababu kila kitu kinafanywa wawili wawili. Wakijitokeza 40 gawa makundi mawili, wiki tofauti. Usikubali kuwasukuma wote pamoja eti kwa sababu wameshalipa, hutawaona wote na yule usiyemwona ndo ataumia.

Sehemu ya kufanyia: sakafu ya mbao ndo bora, ya simenti ndo mbaya kuliko zote na ndo tuliyo nayo wengi. Kama ukumbi ni wa simenti azima mikeka ya judo kwenye klabu yoyote ya jirani, au tandika magodoro membamba ya sponji na juu yake turubai ulilolivuta na kulifunga vizuri lisiteleze. Ufukweni watu wanapapenda na kwa siku ya kujifunza kuanguka ni pazuri, ila kwanza piteni wote kwa mstari mkiokota chupa, makombe na miiba, na msifanyie hapo mazoezi ya umbali, mchanga unameza mguu na hatua inapungua bila mtu kujua. Mchana joto likizidi mtu anachoka, na mtu aliyechoka anakosea umbali, kwa hiyo anza saa mbili asubuhi malizia saa saba, siku sita. Kule Marekani warsha kubwa ya kitaifa ya kiangazi inachukua wiki 3 na watu wanashinda humo kutwa, lakini wale wanasomea silaha nyingi kwa mpigo, sisi siku sita za nusu siku zinatosha kuweka msingi.

Kabla ya yote kila mtu ajaze fomu: ana pumu? kifafa? presha? mgongo au goti liliwahi kuumia? ana ujauzito? Isome wewe mwenyewe usiiweke kwenye faili tu. Kuwe na boksi la huduma ya kwanza, barafu, maji ya kutosha, na gari linalojulikana kabisa kwamba likitokea la kutokea linampeleka mtu hospitali, sio mpaka muanze kutafuta bodaboda. Nguo ni traki au suruali inayovutika, raba zenye soli laini, na vua kila kitu, pete, bangili, hereni, cheni, saa, funguo mfukoni. Kucha zikatwe, hata zile za bandia za bei, mwambieni mtu mapema kwenye tangazo asije akazibandika jana yake.

Siku ya kwanza usifundishe pigo hata moja. Najua watakuangalia vibaya, wamekuja kujifunza ngumi. Fundisha kuangaliana machoni, kupumua na umbali. Wawili wasimame, waangaliane, mmoja atembee mwingine arudi nyuma, ule umbali ubaki vilevile, wabadilishane, wabadilishe na wenza, mpaka kila mtu awe amefanya na kila mtu. Hapohapo mkubaliane kuhusu miili. Kila wawili wanaambiana wapi panaguswa na wapi hapaguswi, na jibu la hapana halijadiliwi. Hili lina uzito zaidi kwa akina dada, wengi wameshazoeshwa kwamba ukikataa kushikwa kwenye mazoezi unaonekana hujui sanaa, na wewe mwendeshaji ndo wa kulivunja hilo siku ya kwanza mbele ya wote. Chagueni pia neno la kusimamisha kila kitu. Lisiwe "acha" wala "basi" maana hayo mtu atayapiga kelele ndani ya sini yenyewe na hakuna atakayejua ni kweli au maigizo. "Ganda!" linafanya kazi vizuri, likisemwa na mtu yeyote, hata anayepita na chai, wote wanaganda.

Siku ya pili kuanguka. Siri ni kwamba mtu haanguki, anajishusha. Piga goti moja taratibu bila kuligusisha chini, kaa kwa upande wa tako pale penye nyama, halafu jiviringishe kwenye ubavu mpaka begani huku ukitoa pumzi na kidevu kimefungwa kifuani. Mkono usiutangulize, vifundo vya mikono na viwiko ndo vinavunjika, na usikae kwenye kitokono, ule mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo. Waanzie wakiwa wamechuchumaa, afu nusu kusimama, afu kusimama, na wasiharakishe. Robo tatu ya siku nzima itaenda hapa na iende tu, haipotei.

Siku ya tatu sasa makofi. Kofi lina sehemu tatu, maandalizi, pigo na mwitikio. Anayepiga anamwangalia mwenzake machoni, anainua mkono kiasi kwamba ukumbi mzima unaona kinakuja kitu, anasubiri. Anayepigwa akiwa tayari anatoa ishara, macho au pumzi, hapo ndo mkono unapita mbele ya uso. Pima: anayepiga anyooshe mkono kabisa, ncha za vidole ziishie shubiri moja kabla ya shavu. Kama ukumbi una watazamaji upande mmoja tu, anayepigwa awape mgongo na anayepiga asimame ng'ambo akiwaangalia, hapo pengo halionekani, na anayepigwa anapiga kofi la viganja vyake mwenyewe kifuani, mwili wake unaficha, sauti inatoka na kichwa kinageuka kwa wakati mmoja. Sauti ikichelewa hata kidogo uongo umejulikana, kwa hiyo hii rudieni mpaka mchoke.

Ila jamani, sisi maigizo mengi tunafanyia uwanjani, sokoni, chini ya mwembe, watu wamezunguka duara. Hapo kofi la kupitisha mkono halifai, wewe unaficha kwa hawa wale wa pembeni wanaona upenyo wote. Vitabu vingi vya nje vimeandikwa kwa jukwaa la pazia na havikusaidii hapo. Kwenye duara tumia mapigano ya kushikana: kusukumana, kuvutana, kukabana, ngumi ya tumbo ambapo mkono umelegea unagusa misuli ya tumbo kidogo na kurudi haraka, na anayepigwa anatoa pumzi kwa nguvu na kujikunja. Hakikisha ni tumbo lenyewe, sio mbavu wala chini ya kitovu.

Kuvuta nywele na kukaba ni mazoezi mazuri kuliko yote ya kufundisha ule ubosi niliosema. Nywele: anayevuta anaweka ngumi iliyolegea juu ya kichwa, hashiki kitu, anayevutwa anaukandamiza mkono huo kichwani kwa mikono yake miwili na yeye ndo anatembea, anapiga kelele, anayumba, yule mwingine anafuata tu. Hata mwenye wigi au rasta za kusuka haziguswi. Kukaba: mikono inakaa kwenye mtulinga, kooni hakuna kidole, anayekabwa anashika vifundo vya mikono ya mwenzake na kuvivutia kwake huku akionekana anavitoa, na anayekaba anavuta kuja kwake huku akionekana anabana. Nguvu zote zinaonekana kwenye mabega na hakuna aliyebanwa. Waambie waendelee kupumua, kuna watu wakiigiza kukabwa wanasahau kabisa kupumua wanaona kizunguzungu cha kweli.

Kuhusu spidi, kila kitu kipya kianze polepole sana, mtu ajione anatembea ndani ya maji ya kifuani. Kikikaa sawa, nusu spidi. Na hata siku ya onyesho usizidi robo tatu ya spidi ya ugomvi wa kweli, sio kwa usalama peke yake, mtazamaji anahitaji muda wa kuona pigo linakuja na kuogopa. Ugomvi wa kweli mtaani unaisha kabla hujaelewa nani kampiga nani.

Siku ya nne fimbo, na hapa Pwani tuna utajiri wetu. Lamu na maeneo ya jirani kuna kirumbizi, wawili wanaingia kati na fimbo, ngoma inapigwa, wanashambuliana na kukingana kwa madaha na watu wanashangilia. Ukimpata mzee anayekijua mlete afundishe asubuhi nzima na umlipe kama mwalimu, maana kile kitu cha kusikilizana na ngoma ndo taiming yenyewe tunayoihangaikia. Makunduchi, Unguja, nako kila mwaka mwezi wa saba kuna sherehe ya mwaka mpya, Mwaka Kogwa, wanaume wanachapana kwa migomba, lakini kule wanachapana kweli ndo maana yake, nendeni mkaangalie miguu na sura zao, mikono msiige. Fimbo ziwe zimenyooka, zimepigwa msasa, urefu wa kufika begani, kila asubuhi zikaguliwe kwa kupitisha kitambaa, kikinasa fimbo inatupwa. Mianzi sitaki, ikipasuka inatoa vijiti vyenye makali. Mapigo yalenge nje kidogo ya mwili, mabega na nyonga, kichwa kisilengwe kabisa kwenye warsha ya kwanza.

Panga la kweli lisiingie ukumbini hata likiwa butu. Chonga la plaiwudi, pande zipigwe msasa, lipakwe rangi ya fedha, kwa mbali halina tofauti. Na bunduki hakuna. Mwaka 2021 kule New Mexico, Marekani, mpiga picha wa filamu Halyna Hutchins alikufa kwenye mazoezi kwa risasi ya kweli iliyokua ndani ya bunduki ya maigizo, na hao walikua na bajeti na watu wa kusimamia silaha.

Siku ya tano wape sini fupi, mapigo matano mpaka nane hayazidi, wayaandike kwenye karatasi kwa namba, nani anafanya nini na nani anatoa sauti. Waulize wanagombania nini na nani kabadilika baada ya pigo la tatu, kama hakuna aliyebadilika pigo hilo halina kazi. Wachukue video kwa simu pia, kwenye kamera hila ni nyingine, watu wawili wakijipanga kwenye mstari mmoja na lenzi pengo linapotea hata likiwa la mita nzima, na waigizaji wengi mkate wao uko kwenye filamu.

Siku ya sita onyesho dogo kwa ndugu na majirani. Nusu saa kabla, kila sini ipitiwe palepale jukwaani, mara moja polepole na mara moja kwa spidi ya onyesho, wakiwa na nguo na viatu vya onyesho. Asiyekuja kwenye mapitio hapigani, hata kama mama yake amekaa mbele. Wape na karatasi inayosema utaratibu huo ili wakaudai kwenye kundi lolote watakaloenda.

Vyeti toa, ila andika "amehudhuria" na idadi ya saa. Usiandike kwamba ni mwalimu wa mapigano. Chama cha Society of American Fight Directors, yaani cha Wamarekani wanaopanga mapigano ya jukwaani, ambacho kipo tangu 1977, kinampima mtu silaha mojamoja na hata akifaulu cheti kina muda wake, ukiisha anapimwa upya. Wewe siku sita zako haziwezi kumfanya mtu awafundishe wengine, na mwambie hivyo hivyo wakati unamkabidhi, halafu mwambie warsha inayofuata ni lini.