Kufufua boti kuukuu ya faiba nyumbani: kuanzia ubao wa tezi hadi rangi ya mwisho

"Boti ya faiba haiozi." Ndivyo wauzaji wanavyopenda kusema, na ni ukweli nusu. Faiba yenyewe, yaani nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa resini, haiozi. Kinachooza ni mbao zilizofichwa ndani yake: ubao wa tezi, yaani ukuta wa nyuma ya boti unaobeba injini, mihimili iliyo chini ya sakafu, na plaiwudi iliyofunikwa ndani ya sitaha. Boti inaweza kung'aa ubavuni huku tezi yake imeshakuwa uji. Kwa hiyo hapa rangi itakuja mwishoni kabisa, na sehemu kubwa ya mwongozo ni kazi ambayo ikishakamilika haionekani.

Nazungumzia boti ndogo ya injini, ya mita nne hadi sita, ambayo mtu anaweza kuishughulikia nyumbani na msaidizi mmoja.

Hatua ya 1: Kagua kabla ya kununua hata kopo moja la rangi

Anza na tezi. Shika bisibisi kwa upande wa chuma, ugonge ubao wa tezi kwa mpini, safu kwa safu, kila baada ya sentimita tano hivi. Penye uzima utasikia mlio mkavu na mfupi: ko, ko, ko. Penye kuoza, au pale ubao ulipoachana na faiba, mlio unakuwa mzito na butu. Kila unapobadilika, weka alama ya penseli. Ukimaliza utakuwa na ramani, na mara nyingi itaonyesha uozo umeanzia chini, karibu na kizibo cha kutolea maji, au kwenye matundu ya bolti za injini.

Usiamini sikio peke yake. Fungua skrubu moja iliyo chini. Ikitoka imefura kutu na nyuma yake kunavuja maji ya kahawia, jibu umeshapata. Ukitaka uhakika zaidi, toboa tundu dogo kutokea ndani, la milimita nne au tano, bila kufika ngozi ya nje, kisha angalia unga unaotoka na keekee. Unga mkavu wenye rangi ya mbao ni dalili njema. Unga mweusi, uliolowa, unaonuka kama majani yaliyovunda, ni habari mbaya. Mwisho, injini ikiwa bado imefungwa, iinue kidogo na mwambie msaidizi aegemee sehemu yake ya chini huku wewe ukikodolea macho ukingo wa juu wa tezi. Ukingo ukicheza, au ufa ukafunguka na kufunga, tezi hiyo haifai kubeba injini.

Tezi ikiwa imeoza, usiendelee na rangi. Dawa yake ni kukata ngozi ya faiba ya upande wa ndani, kukwangua ubao wote ulioharibika, kubandika plaiwudi mpya ya baharini kwa epoksi (resini ngumu inayochanganywa na kigumishi), na kuifunika upya kwa faiba. Kuna wanaotoboa matundu na kumimina resini ndani ya mbao zilizolowa wakitumaini itaganda na kushika. Haishiki, kwa sababu resini haiingii kwenye mbao zilizokwisha shiba maji. Ni kulipua kazi tu, na injini ikikazwa gesi itakuumbua.

Kagua na sakafu vilevile. Ikibonyea chini ya kisigino, mbao zake zimelegea. Boti nyingi za zamani zina povu la kuelea chini ya sakafu, na povu hilo likinywa maji huongeza uzito mkubwa usioonekana kwa nje.

Kisha tazama ngozi ya nje. Nyufa nyembamba kama nywele kwenye kona mara nyingi ni za jelikoti tu, ile tabaka ya rangi ya kiwandani ambayo kwa kawaida unene wake ni karibu nusu milimita. Nyufa zinazotawanyika kuzunguka kishikizo cha kamba, au zinazofuata mstari wa mhimili wa ndani, zina maana nyingine: kuna kitu kinacheza. Tafuta kinachocheza kwanza, la sivyo ufa utarudi kupitia rangi mpya. Chini ya mstari wa maji unaweza kukuta vilengelenge. Ukikitoboa kimoja (vaa miwani, maji yake huruka) na kikatoa majimaji yenye harufu kali kama siki, ujue maji yamepenya jelikoti. Vichache havitishi. Vikiwa vimejaa chini yote, boti inahitaji kukaushwa kwa wiki nyingi kabla ya kuguswa.

Hatua ya 2: Ivue na uikalishe vizuri

Ondoa kila kinachoondoka: reli, taa, vishikizo, vioo, mpira wa ubavuni. Piga picha kabla ya kufungua, na skrubu za kila kifaa ziwe kwenye mfuko wake wenye jina. Kufunika vifaa kwa utepe na kupaka rangi pembeni yake kunaokoa saa chache, lakini rangi huanza kubanduka pale pale ilipokutana na kifaa.

Uzito wa boti ukae kwenye mkuku, yaani uti wa chini wa boti, na miega ya pembeni iwe ya kuizuia isilale tu. Boti iliyoachwa muda mrefu juu ya nguzo mbili hupinda, nawe utasawazisha umbo lililopinda bila kujua. Iwe chini ya paa au turubai, penye kivuli na hewa inayopita. Namba ya utambulisho wa boti, ambayo kwa kawaida iko nyuma, upande wa kulia, juu ya tezi, isisagwe wala isizibwe na rangi.

Hatua ya 3: Toa nta, ndipo uguse msasa

Watu huruka hatua hii kwa sababu inaonekana kama kuosha tu. Boti kuukuu imepakwa nta na vipolishi miaka nenda miaka rudi. Ukianza na msasa, unaisukuma nta ndani ya mikwaruzo, na hapo hakuna rangi itakayoshika. Osha kwa sabuni na maji baridi, acha ikauke, kisha futa kwa kiyeyushi cha kutoa nta ukitumia vitambaa viwili: kimoja kilicholowa cha kupakia, kingine kikavu cha kuondolea kabla kiyeyushi hakijakauka. Badilisha vitambaa kila vinapochafuka, maana kitambaa kichafu kinahamisha nta tu.

Jipime kwa maji. Mwagia ubavuni: yakitandaa kama shuka, nta imetoka. Yakijikusanya matone matone, rudia.

Chini kukiwa na rangi ya zamani ya kuzuia viumbe vya majini, usiipige msasa mkavu. Vumbi lake ni sumu. Rangi za zamani sana zinaweza kuwa na tributilitini, sumu iliyopigwa marufuku duniani kwa mkataba ulioanza kutumika mwaka 2008. Tumia msasa wa maji, tandika plastiki chini, na mabaki yasiingie mtaroni.

Hatua ya 4: Ziba na urekebishe

Kabla ya grenda kuwaka: barakoa yenye vichujio vya vumbi laini na mvuke wa kemikali, miwani iliyofunga, glavu, mikono mirefu. Kitambaa cha puani hakichuji chochote cha maana hapa. Vumbi la faiba likikupata mwilini, oga kwa maji baridi kwanza.

Kwa marekebisho mimi huchagua epoksi. Ni ghali kuliko poliesta, resini ya kawaida ya boti za faiba, lakini hushika vizuri zaidi juu ya faiba ya zamani, na mradi tutapaka rangi badala ya jelikoti, hakuna sababu ya kurudi kwenye poliesta. Jelikoti ya kawaida juu ya epoksi ni tatizo, kwa hiyo amua mapema. Ukiamua epoksi, tumia kitambaa cha faiba kilichofumwa au kushonwa. Mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa mara nyingi huwa na gundi iliyotengenezwa iyeyuke ndani ya poliesta, na kwenye epoksi hubaki mgumu, haulali vizuri.

Ufa mdogo upanue uwe na umbo la V, usafishe, uujaze. Tundu au ufa uliopenya unahitaji mteremko mrefu: kwa kila milimita moja ya unene, milimita kumi na mbili za mteremko kila upande. Ngozi ya milimita tano itataka sentimita sita kuzunguka tundu lote. Utaona kama unaharibu kuliko ilivyokuwa, lakini nguvu ya kiraka inatoka kwenye mteremko huo, si kwenye wingi wa resini.

Pima epoksi na kigumishi kwa uwiano ulioandikwa na mtengenezaji, bila kukisia. Kuongeza kigumishi ili ikauke haraka ni mazoea ya poliesta, na kwenye epoksi hukuachia kitu cha kunata kisichokauka milele. Changanya kidogo kidogo na umimine kwenye sinia pana. Ikiachwa imejaa kikombeni, inajipasha moto yenyewe hadi kutoa moshi.

Kwa kujaza na kulainisha, unga wa silika huipa epoksi nguvu lakini ni mgumu kusagwa, na unga wa vipovu vya kioo husagika kwa urahisi lakini ni laini. Wa pili ni wa juu ya mstari wa maji. Epoksi nyingi zikishakauka huacha utando wa mafuta juu. Usugue kwa maji na kitambaa kigumu kabla ya msasa, vinginevyo msasa utaziba na rangi itakataa kushika.

Hatua ya 5: Sawazisha

Hapa ndipo subira inapopimwa. Tumia ubao mrefu wa msasa, wa nusu mita hivi, unaopinda kidogo kufuata ubavu, usukume kwa mshazari, mara huku mara kule. Mashine ya duara ni nzuri kwa kupunguza, lakini ikitumiwa peke yake inachimba vishimo ambavyo huvioni mpaka siku ya rangi inayong'aa. Nyunyiza rangi nyeusi nyepesi juu ya eneo lote, kisha piga msasa: pale weusi unapobaki ni bondeni, pale unapotoka upesi ni mlimani. Jaza mabonde, rudia. Funga macho upitishe kiganja, kiganja huona kuliko jicho. Anza na msasa wa namba 80 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi), panda 120, maliza 180.

Hatua ya 6: Praima

Paka praima (rangi ya msingi) ya epoksi, tabaka mbili kwa rola. Ikikauka, itakuonyesha vitundu vidogo vidogo ambavyo havikuonekana. Vizibe, piga msasa wa 220 hadi 320, ondoa vumbi kwa mashine ya kufyonza, kisha futa kwa thina inayopendekezwa kwenye kopo.

Hatua ya 7: Rangi

Chaguo ni mbili. Rangi ya poliurethani ya kopo moja ni rahisi kupaka na kuirekebisha, lakini hung'aa kwa miaka michache, baada ya hapo hufifia. Ya makopo mawili, inayochanganywa na kigumishi, ni ngumu na hudumu, ila ina isosayaneti, kemikali hatari kwa mapafu, na kuipuliza kwa bunduki ya rangi kunahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Nyumbani usiipulize. Rola na brashi vikitumiwa vizuri vinatoa kazi ambayo watu watadhani imepulizwa.

Mnahitajika wawili. Mmoja anatandaza rangi nyembamba kwa rola ya sponji isiyoyeyushwa na thina, eneo la upana wa nusu mita, juu hadi chini. Mwingine anamfuata papo hapo na brashi laini, anaigusisha tu, bila kukandamiza, akivuta kutoka sehemu kavu kuelekea ile iliyokwisha pakwa. Kisha eneo linalofuata, kabla ukingo haujaanza kukauka. Brashi ikiacha mistari, rangi imeanza kushika, ongeza thina kidogo. Ikitiririka, mnapaka nene. Mkiona kasoro nyuma yenu, iacheni. Kurudi kuigusa rangi iliyoanza kukauka kunazaa kasoro kubwa zaidi, na hiyo ndogo itaondoka na msasa kabla ya tabaka linalofuata.

Pakeni ubavu usiopigwa na jua, umande wa asubuhi ukishakauka, na mmalize mapema ili rangi isikutane na umande wa jioni. Umande ukiiwahi, mng'ao hufa na kuwa kama chaki. Tabaka mbili au tatu zinatosha, na utepe ung'olewe rangi ikiwa bado inanata kidogo. Rangi nyeusi na buluu iliyokolea hupata joto sana juani na huonyesha kila wimbi lililosahauliwa, kwa hiyo boti kuukuu nashauri iende rangi nyepesi.

Hatua ya 8: Chini ya mstari wa maji, na kurudisha vifaa

Boti inayolala kwenye trela haihitaji rangi ya kuzuia viumbe. Ile inayolala majini inaihitaji, na rangi ya ubavuni isishuke huko, kwani nyingi hutoka malengelenge zikikaa majini mfululizo. Ikiwa rangi hiyo ina shaba, iweke mbali na injini ya alumini, maana shaba huichimba alumini ndani ya maji ya chumvi. Kipande cha zinki cha kulinda injini kisipakwe rangi yoyote.

Kabla ya kurudisha skrubu, panua mdomo wa kila tundu kidogo ili jelikoti isipasuke. Tundu linalopenya hadi kwenye mbao litoboe kubwa kuliko linavyotakiwa, lijaze epoksi, kisha toboa upya katikati ya epoksi hiyo. Maji hayatafika kwenye mbao tena hata gundi ya kuzibia ikichoka. Ipe rangi wiki moja au zaidi ikomae kabla ya kuifunga kamba au kuitia majini, na siku ya kuishusha, kaa nayo gatini nusu saa ukitazama ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti maji yanakokusanyika, kabla ya kuwasha injini.