Kukuza Bogenvilia Chunguni Mahali Penye Baridi

Asili ya bogenvilia, mmea wa maua unaoparamia, ni Amerika ya Kusini, nayo haivumilii jalidi (baridi ya kugandisha maji), lakini hata mahali penye baridi huchanua vizuri mradi ikae kwenye chungu kinachohamishika. Wakati wa baridi, nyingi hufa kwa maji yaliyotuama kwenye mizizi iliyolala (iliyoacha kukua kwa muda), na ndiyo sababu ninasisitiza ukavu kuliko joto.

Hatua ya kwanza ni kupanda. Chagua chungu chenye matundu, kinachozidi donge la mizizi kwa sentimita 3 au 4 tu, kwa maana mizizi iliyobanwa kidogo husaidia kuchanua, ilhali chungu kikubwa hubaki na unyevu ambao mmea hauwezi kuumaliza. Changanya mboji na changarawe ndogo. Mizizi yake hukatika upesi, kwa hiyo usiichambue. Pasua mfuko wa miche kwa kisu, kisha uteremshe donge likiwa zima.

Hatua ya pili ni majira ya joto. Ipe jua la saa 6 kwa siku au zaidi. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, halafu usirudie kabla udongo wa juu haujakauka. Tumia mbolea yenye potasiamu ya kutosha, kwani nitrojeni ikizidi utavuna majani matupu.

Hatua ya tatu ndiyo inayowashinda wengi. Kabla ya jalidi ya kwanza, ingiza chungu katika chumba chenye mwanga na ubaridi wa nyuzi 5 hadi 10 za Selsiasi. Majani yatageuka manjano na kupukutika, na mwenye mmea akiingiwa na hofu huongeza maji, na hapo ndipo mizizi huoza. Kwangua gome kidogo kwa ukucha: pakionekana kijani, tawi lingali hai, na maji kidogo kila baada ya wiki 3 au 4 yanatosha. Chumba chenye hita sikishauri, kwa kuwa joto huamsha machipukizi wakati mwanga ni hafifu, yakarefuka yakiwa dhaifu.

Hatua ya nne, baridi inapokwisha, vaa glavu (miiba yake haina huruma) na ufupishe matawi ya pembeni yabaki na macho (sehemu za kuchipukia) 2 au 3, kwani maua hutokea kwenye machipukizi mapya. Ongeza maji taratibu. Jalidi ikishapita kabisa, toa chungu nje, kwanza kivulini, ukizidisha jua kwa muda wa wiki 2 ili majani machanga yasiungue. Kubadilisha chungu kunaweza kusubiri mpaka mizizi itokeze matunduni.